Jibu kwa fundi wa Mafinga: kwa nini nyumba ya matofali ya Kew imepakwa rangi

Swali: "Dada yangu anafanya kazi ya kutunza wazee Uingereza, anaishi Reading. Mwezi uliopita alitembelea ile bustani kubwa ya mimea ya Kew, London, akanitumia picha za nyumba ya zamani ya tofali za kuchoma, nyekundu kama nyanya, juu ina kuta zilizopinda kama mawimbi. Mimi ni mwashi hapa Mafinga, mwaka wa 19 huu nashika mwiko, na tofali za kuchoma ndizo zinazolisha watoto wangu. Nilipoikuza picha nikaona ukuta wote umepakwa rangi, tofali na jointi pamoja. Huku kwetu mtu akipaka rangi tofali ya kuchoma tunajua tanuri halikuiva au fundi kaharibu. Hawa Waingereza wanaficha nini? Halafu tofali zao mbona nyembamba hivyo, na mbona zimepangwa moja ndefu, moja fupi, moja ndefu, moja fupi?"

Fundi, habari za kazi na pole na jua. Maswali yako yote yameshikana, kwa hiyo vumilia nikizunguka kidogo kabla ya kufika kwenye rangi. Ila nisikuache ukiwa na shauku: ukutani pale hawafichi ubovu. Ulichokiona ni chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu, na nyumba ilikuwa imepakwa hivyo tangu zamani za mwenyewe wa kwanza. Kupaka kulikuwa hatua ya mwisho ya kazi ya uashi, kama wewe unavyofagia jointi kabla hujakusanya vifaa. Hata hivyo shuku yako ina msingi. Waingereza wamedanganya sana kwa matofali, na mbinu zao nitakusimulia, kwa sababu najua zitakuchekesha. Wamedanganya kwingine tu, si hapo.

Nyumba hiyo siku hizi inaitwa Kasri la Kew, na jina linapotosha. Haikujengwa na mfalme yeyote. Aliyeijenga ni Samuel Fortrey, mfanyabiashara wa London, wa ukoo wa Waprotestanti waliokimbia kutoka Flanders, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Ubelgiji. Mwambie dada yako akirudi atazame juu ya mlango wa mbele: ataona herufi za majina ya Fortrey na mkewe Catherine, pamoja na mwaka 1631, vyote vimechongwa kwenye tofali. Ukoo wa kifalme ulikuja kuikodi karibu miaka mia baadaye, 1728, Malkia Caroline alipokuwa akitafuta mahali pa kuwaweka binti zake. Baadaye ikawa mali ya mfalme George III, na mkewe, Malkia Charlotte, alifia humo Novemba 1818. Jirani yake palikuwa na jumba jingine la kifalme, kubwa zaidi, lililoitwa Nyumba Nyeupe, likabomolewa 1802. Kwa hiyo jumba la wafalme limekwenda, na nyumba ya mwuza bidhaa ndiyo dada yako aliyoikuta imesimama. Hilo hunifurahisha kila ninapolikumbuka.

Zamani watu waliiita Nyumba ya Kiholanzi kwa sababu ya zile kuta za juu unazosema zimepinda kama mawimbi. Ni pembetatu za ukuta zinazoziba ncha za paa, tatu kwa mbele, ila badala ya kupanda kwa mstari ulionyooka kama zako na zangu, zinapanda kwa kujikunja, zinaingia ndani, zinatoka nje, halafu kileleni zinavalishwa kofia ndogo, nyingine ya pembetatu, nyingine ya upinde. Mtindo huo ulivuka bahari kutoka nchi za upande wa pili, Uholanzi na Flanders, na katika miaka ile matajiri wa London waliupenda sana. Wasanifu wa mfalme hawakuupenda. Wakati Fortrey anapandisha mawimbi yake Kew, msanifu Inigo Jones alikuwa anamalizia Nyumba ya Malkia kule Greenwich, jengo jeupe, paa lake limefichwa, mistari yote imetulia, kwa mtindo wa Italia. Ni mji mmoja, miaka ile ile, na nyumba hizo mbili haziongei lugha moja. Wanahistoria wengi wa ujenzi humsifu Jones. Mimi nikiambiwa nichague nyumba ya kumwonyesha mwashi, namchukulia gari nampeleka Kew, kwa sababu kwa Jones mwenye akili ni mchoraji, na kwa Fortrey mwenye akili ni aliyeshika tofali.

Sasa tofali lenyewe. Wembamba wake si ubahili. Ukubwa wa tofali London ulikuwa jambo la sheria: hati ya mwaka 1571 ya chama cha waashi na waezekaji wa vigae ilitaja inchi 9 kwa 4 na nusu kwa 2 na robo, na tangazo la kifalme la 1625 likarudia karibu vipimo hivyo hivyo, upana ukipunguzwa kiduchu tu. Inchi 2 na robo ni kama milimita 57. Tofali la kawaida la Uingereza leo lina milimita 65, kwa hiyo tofauti unayoiona pichani ni ya kweli ingawa ni ndogo, na jicho huitambua kwa sababu kozi, yaani safu za matofali, zinakuwa nyingi zaidi kwa kila mita. Tofali jembamba linaiva vizuri hadi katikati. Hilo sihitaji kukueleza wewe, uliyevunja tofali nene ukakuta moyo wake bado ni udongo.

Na ungetembelea mahali walipokuwa wakiyachomea ungejisikia nyumbani. Udongo ulichimbwa vuli, ukaachwa kipindi chote cha baridi ili barafu iuvunjevunje, ukakanyagwa, ukafyatuliwa kwenye kalibu za mbao kiangazi, ukaanikwa. Mara nyingi hapakuwa na tanuri la kudumu: matofali mabichi yalipangwa kichuguu, kuni zikaachiwa njia chini, nje pakakandikwa, moto ukawashwa. Ndivyo unavyofanya Mafinga. Na matokeo ni yale yale: ya katikati yameiva mpaka yameungua, ya nje yamepauka, mengine yamepinda. Shika neno hilo, kwamba rangi zinatoka mchanganyiko, maana nitalirudia kwenye hoja ya kupaka.

Kwa nini matofali na si mbao? Mpaka mwanzo wa karne ya 17 London ilikuwa mji wa mbao zaidi. Mfalme James I alitoa tangazo 1605 kwamba majengo mapya yawe na kuta za nje za matofali au mawe, na baadaye akajisifu kwamba aliikuta London ya vijiti akaiacha ya matofali. Majisifu yalizidi ukweli, kwani moto mkubwa wa 1666 ulipata mbao za kutosha za kula. Lakini kwa mtu wa aina ya Fortrey, mwenye fedha mpya na asiye na cheo cha kurithi, tofali lilikuwa ndiyo kauli. Mawe mazuri ya kuchonga hayapatikani karibu na London, huja kwa mashua kutoka mbali na kwa gharama. Udongo wa tofali upo chini ya miguu.

Hapo ndipo waashi wa Kew walipoonyesha ufundi ambao mimi, nikisimama mbele yake, huwa nanyamaza. Kazi zote ambazo jengo la kitajiri lingefanya kwa jiwe, wao walizifanya kwa tofali. Katikati ya uso wa nyumba kuna nguzo bapa zilizopandana ghorofa kwa ghorofa, kwa mtindo wa Wagiriki na Warumi. Ni tofali. Madirisha yamezungukwa na vipande vinavyotokeza na kurudi ndani kwa zamu, kuigiza mawe makubwa ya pembeni. Ni tofali. Ile mikunjo ya juu na kofia zake nayo ni tofali.

Huwezi kufanya hayo kwa tofali la kawaida, litapasuka mkononi. Walikuwa na tofali maalumu, laini, la udongo wenye mchanga mwingi na usio na changarawe, lililochomwa kwa moto wa polepole ili liwe na ulaini ule ule kutoka ngozi hadi moyo. Fundi alilikata kwa kishoka kidogo chenye makali pande mbili, akifuata kipimo cha ubao, kisha akalisugua juu ya jiwe mpaka uso ukawa kama sabuni iliyotumika. Vipande vilivyosuguliwa hivyo viliunganishwa kwa chokaa laini iliyochujwa, bila mchanga wa kuonekana, na jointi ikawa nyembamba kuliko unene wa shilingi. Ukilinganisha na jointi ya kawaida ya ukuta, unaona mikono miwili tofauti kwenye nyumba moja: mkono wa kujenga na mkono wa kuchonga. Ninaamini walilipwa tofauti pia, kama wewe unavyomlipa anayepiga lipu ya nakshi tofauti na anayebeba zege.

Swali lako la moja ndefu, moja fupi ndilo ambalo wataalamu wa majengo wangelipenda kuliko yote. Unachokiona ni bondi ya Kiflemi, yaani mpangilio wa matofali wa Flanders: katika kila kozi tofali moja limelala ubavu likionyesha urefu wake, linalofuata limeingia ndani ya ukuta likionyesha kichwa tu, na kila kichwa kinakaa katikati ya ubavu wa chini yake. Kabla ya hapo Waingereza walipendelea bondi inayoitwa kwa jina lao, kozi nzima ya vichwa, kozi nzima ya mbavu, na kadhalika kwa zamu. Nyumba ya Kew ni mojawapo ya majengo ya mwanzo kabisa Uingereza yenye mwaka unaojulikana ambayo uso wake umepangwa kwa mtindo wa Kiflemi. Kufikia mwisho wa karne hiyo London yote ilikuwa inajenga hivyo. (Jina lenyewe lina mzaha wake: Flanders kwenyewe waashi walipenda zaidi mpangilio wa kozi kwa kozi.)

Faida yake ni nini? Watu husema uzuri, na ni kweli, ukuta unafanana na mkeka uliosukwa. Lakini mwashi anajua uzuri peke yake hauenezi mtindo, kuna hesabu nyuma yake. Tupige pamoja. Tofali lina ubavu wa inchi 9 na kichwa cha inchi 4 na nusu. Katika bondi ya Kiflemi matofali mawili, ubavu na kichwa, yanafunika inchi 13 na nusu za uso. Katika bondi ya Kiingereza, chukua kozi mbili zilizopandana: ubavu mmoja chini unafunika inchi 9, na juu yake vichwa viwili vinafunika inchi 9. Matofali matatu kwa inchi 18. Ukigawanya, utakuta pale Mwingereza anapotumia matofali 9 ya uso, mwenzake wa Kiflemi anatumia 8. Kama tofali zuri la uso ndilo ghali, na la ndani ya ukuta ni lolote lililoiva, umeokoa moja katika kila tisa. Kwa nguvu, bondi ya Kiingereza inashinda kidogo, kwa sababu vichwa vingi ndivyo vinavyoshika ukuta ulale pamoja kwa unene. Kwa nyumba ya ghorofa tatu yenye kuta nene, tofauti hiyo haimnyimi mtu usingizi.

Haya, sasa rangi.

Rudi kwenye tanuri. Una matofali ya kawaida yaliyotoka na rangi tano. Una matofali laini ya kuchonga ambayo yana wekundu wake mwingine, mkali zaidi. Una jointi pana za kawaida na jointi nyembamba za kusugua. Umetumia fedha nyingi kuchonga nguzo, na mwenye nyumba akisimama bustanini anataka aone nguzo, haji kuhesabu viraka. Kinachounganisha vyote ni maji ya chokaa yenye ngeu. Ngeu unaifahamu, au baba yako aliifahamu: ule udongo mwekundu ambao maseremala walichovya uzi, wakauvuta, wakaupiga kwenye ubao kupata mstari wa kupasulia. Wekundu wake ni kutu ya chuma, kitu kile kile kinacholitia tofali rangi likichomwa. Kwa hiyo waliongeza juu ya tofali kile kile kilichokuwa ndani yake.

Wala Kew hawakubuni. Miaka mia moja nyuma, katika jumba la Hampton Court la mfalme Henry VIII, kuta za matofali zilipakwa wekundu huo kisha jointi zikachorwa upya kwa brashi nyembamba, mstari kwa mstari, ili ukuta uonekane umejengwa kwa usahihi kuliko ulivyojengwa. Nawaza mtu aliyeajiriwa kukaa juu ya jukwaa siku nzima akichora jointi juu ya jointi, na naona kazi yako na yangu ni nyepesi.

Faida ya pili ni ya mwili wa ukuta. Tofali laini la kusugua linanyonya maji. Uingereza mvua ni nyepesi lakini haiishi, na baada ya mvua huja usiku wa barafu. Maji yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9. Yakigandia ndani ya uso wa tofali, uso unabanduka kama gamba. Maji ya chokaa yanaziba vitundu vya juu bila kuziba pumzi: tone la mvua linazuiwa kidogo, unyevu wa ndani unatoka. Rangi ya mafuta au ya plastiki haifanyi hivyo, hiyo inafunga ukuta ndani ya mfuko. Na chokaa ikichakaa, unapaka tena. Tabaka la rangi ndilo linaloliwa na hali ya hewa kwa niaba ya tofali, miaka inapita, nguzo zimebaki na makali yake.

Baadaye mitindo ilibadilika, watu wakapenda tofali tupu, na chokaa ya Kew ikaachwa ioshwe na mvua. Nyumba ilifungwa 1996 kwa matengenezo makubwa yaliyochukua miaka kumi, na katika kazi hiyo wahifadhi walikuta mabaki ya ile rangi ya zamani ukutani, wakairudisha. Ilipofunguliwa 2006 baadhi ya wageni walishtuka kama wewe, wekundu ule ukiwa bado mbichi. Picha za zamani za nyumba hiyo zinaonyesha ukuta wa kahawia uliochoka, na watu wakadhani uchovu ndiyo uzee, na uzee ndiyo ukweli. Mimi niko upande wa waliopaka. Nyumba ya mfanyabiashara aliyetaka kuonekana kutoka mto Thames haikujengwa ili ionekane imechoka.

Nilikuahidi udanganyifu. Uko karne ya 18, London ilipokuwa inapanuka kwa kasi na nyumba zikijengwa za kuuza. Kumbuka bondi ya Kiflemi, vichwa vinatakiwa viingie ndani vishike ukuta. Wajenzi wa haraka walivunja tofali zuri katikati, wakaweka nusu hii hapa na nusu hii pale. Kwa nje unaona kichwa, kwa ndani hakishiki kitu. Uso wa nyumba ulikuwa shuka iliyotundikwa mbele ya ukuta mwingine wa matofali ya hovyo, na baada ya miongo kadhaa ulianza kufura na kujitenga kama lipu mbaya. Nyumba za namna hiyo bado zinasumbua wamiliki wake London, na ukiambiwa ukuta una tumbo, jambo la kwanza la kuangalia ni vile vichwa.

Udanganyifu wa pili ni wa jointi. Mwashi alijaza jointi pana kwa mota, yaani mchanganyiko wa kuunganishia matofali, iliyotiwa rangi ya tofali lenyewe, akaisawazisha na uso mpaka huoni tofali linaishia wapi, halafu katikati akaweka utepe mwembamba wa chokaa nyeupe ulionyooka kama uzi. Ukitazama unasema, ah, jointi ya milimita tatu, matofali ya kusugua! Sogea karibu. Matofali yenyewe yamepinda, utepe ndio umenyooka. Nakiri kwamba ni kazi ngumu na inataka mkono mtulivu, na fundi anayeiweza leo analipwa vizuri.

Wa tatu ndio mzuri kuliko yote. Kusini mwa Uingereza, hasa Kent na Sussex, kuna nyumba unazoweza kuapa ni za matofali, kumbe ni za mbao tupu. Wamezitundikia vigae vilivyofinyangwa ili sehemu inayoonekana ifanane na uso wa tofali, vikapandana, vikapigiwa misumari, jointi zikajazwa chokaa. Mji wa Lewes umejaa, na Brighton ziko nyeusi zinazong'aa. Kwa muda mrefu watu walisema ilikuwa njia ya kukwepa kodi ya matofali iliyotozwa kati ya 1784 na 1850. Haiwezi kuwa hivyo, kwa sababu vigae hivyo vilikuwapo kabla ya kodi hiyo, na vigae navyo vilitozwa. Ilikuwa ni fasheni tu: nyumba ya babu ni ya mbao, jirani kajenga ya matofali, fedha haitoshi kubomoa.

Kwa hiyo ukinipa mizani, ngeu ya Kew naiweka upande wa mapambo na kinga, na vichwa vya nusu tofali naviweka upande wa wizi. Tofauti iko hapa: ukiondoa rangi Kew unakuta kazi bora zaidi ya ile uliyoiona, na ukiondoa uso wa zile nyumba za kuuza unakuta mbovu.

Najua swali lako la nne hukuliandika, maana kila mwashi angeuliza: je, na mimi nipake? Nitakujibu kwa kukupa kisa. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kuangalia nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, alikuwa amebandua lipu ya chokaa akapiga ya saruji, ngumu, laini, akapaka rangi ya duka. Mwaka wa pili ukuta ulikuwa unatoa jasho kwa ndani, chumvi imeota kama unga, na lipu ya saruji ikigongwa inalia kama debe tupu. Maji yaliyokuwa yakitoka kupitia chokaa yalikosa mlango. Kosa hilo hilo limefanywa Uingereza katika karne ya 20 kwenye maelfu ya nyumba za matofali: jointi za chokaa zimechimbuliwa, saruji ikajazwa, na unyevu uliokuwa ukitokea kwenye jointi ukalazimika kutokea kwenye tofali. Baada ya baridi kadhaa jointi zimesimama kama wavu na matofali yamelika ndani. Mota inatakiwa iwe dhaifu kuliko tofali. Jointi ukiiharibu unaichimbua unaijaza tena, tofali likiharibika huna la kufanya.

Kwa kazi zako, basi, inategemea ukuta. Kama umejenga kwa tofali lililoiva vizuri na paa lina mtokezo wa kutosha, liache wazi, halina shida na mtu. Kama tofali ni la wastani, linanyonya, na upande wa mvua unaanza kuchubuka, maji ya chokaa yatakusaidia kwa gharama ndogo. Loweka chokaa iliyochomwa vizuri mapema, iache ilale, ichuje kwa kitambaa, iongezee maji mpaka iwe kama maziwa, si kama uji. Udongo mwekundu uusage laini, uchujwe, usizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, ukizidi utaachia kwenye nguo za watu. Lowanisha ukuta kwanza. Paka tabaka nyembamba, kila moja ikauke polepole bila jua kali, mara tatu au nne. Ya kwanza itakukatisha tamaa, kwa sababu ikiwa mbichi haionekani, inang'aa ikishakauka na kushika hewa. Vaa miwani, chokaa ikiingia jichoni si mchezo. Na usipake juu ya lipu ya saruji au rangi ya duka, haitashika.

Jambo moja naomba kutoka kwako. Bondi ya Kiflemi ina fumbo kwenye kona: ukianza na kichwa pembeni, jointi za kozi mbili zinagongana, mpaka uingize kipande chembamba, nusu ya upana wa kichwa, kilichopasuliwa kwa urefu, au uanze na tofali la robo tatu. Kila kundi la waashi lilikuwa na namna yake. Dada yako akirudi Kew, asipige picha nyumba nzima. Azunguke ubavuni, asogee kwenye kona mpaka aone kozi sita au saba tu, na picha hiyo nitumie, tuone hao wa 1631 walianzaje.